Namna ya Kutengeneza Gitaa la Besi la Umeme Nyumbani: Mwongozo kwa Fundi wa Mwanza

Gitaa la besi la nyuzi nne ni chombo ambacho fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kukitengeneza uani kwake kwa randa, patasi, tupa, drili na msumeno wa mkono, mradi akubali tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya kazi ipo kwenye shingo. Mwili wa besi huvumilia makosa: ukitoka mpana kwa milimita tano kuliko ulivyochorwa, hakuna msikilizaji atakayejua. Shingo haivumilii. Freti (kila waya wa chuma unaovuka shingo na kutenganisha noti) iliyohama milimita mbili itasikika kila ibada na kila harusi, na shingo iliyochongwa kwa mbao mbichi itapinda kabla msimu mmoja wa mvua haujapita. Kwa hiyo maelezo yafuatayo yatakaa sana kwenye shingo, na yatapita haraka pale ambapo seremala yeyote wa Mabatini au Nyakato anajua la kufanya bila kuelekezwa.

Urefu wa uzi

Kabla ya kugusa ubao, amua urefu wa uzi, yaani umbali kutoka kwenye kizingiti (kile kipande kidogo cha mfupa kilicho kati ya kichwa na ubao wa vidole, yaani ubao wa juu ya shingo unapobonyezwa uzi) hadi mahali uzi unapokalia daraja, kifaa cha mwilini kinachoshika mwisho wa nyuzi. Tumia inchi 34, ambazo ni sawa na milimita 864. Ndicho kipimo alichokitumia Leo Fender katika besi yake ya Precision iliyotoka Marekani mwaka 1951, na kwa kuwa watengenezaji wengi walikifuata, nyuzi utakazozikuta dukani zimesukwa kwa kipimo hicho. Besi fupi hubebeka kwa urahisi zaidi, lakini uzi mnene ukiwa mfupi hulegea na sauti yake huwa na ukungu. Wapiga ala wa kando ya ziwa wanalijua jambo hili tangu zamani, maana litungu la Wakurya, lenye sauti nzito kuliko nyatiti ya Wajaluo, pia ni kubwa kuliko nyatiti.

Nyuzi nne hukazwa katika sauti za E, A, D na G, ambapo ule mnene kabisa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde na ule mwembamba mara 98. Seti ya kawaida yenye unene wa kuanzia inchi 0.045 hadi 0.105 huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 75 hadi 80, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Nguvu hiyo ndiyo inayoamua aina ya mbao, unene wa shingo na haja ya nondo (fimbo ya chuma inayorekebishwa kuupinga mvuto huo) ndani yake.

Vya kununua

Kuna vitu ambavyo fundi wa nyumbani hana sababu ya kujitesa kuvitengeneza: mashine nne za kukazia nyuzi, daraja lenye vikalio vinavyosogea (vipande ambavyo kila uzi hukalia), waya wa freti, nondo ya shingo, pikapu (sumaku zenye waya zinazonasa mtetemo wa nyuzi), potenshomita mbili (vitufe vya kuzungusha vya sauti na toni), jeki ya kuchomekea waya wa spika na nyuzi zenyewe. Wapo wanaotaka kusuka pikapu kwa mikono yao, na wakifika kwa mafundi wa kuwaindi mota hukuta waya wote uliopo ni mnene mno, kwa sababu pikapu huhitaji waya wa milimita 0.063 hivi, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, uliozungushwa maelfu ya mara bila kukatika. Iache kazi hiyo kwa besi ya pili au ya tatu.

Vifaa hivi huagizwa kutoka maduka ya vyombo vya muziki ya Dar es Salaam, lakini kabla ya kuagiza ulizia kwanza kwenye kwaya na bendi za jirani. Stoo za makanisa mengi zina besi zilizovunjika shingo au kupasuka mwili, na daraja, mashine na pikapu zake bado ni nzima. Pima pikapu kuukuu kwa maltimita kabla ya kulipa: ile ya vipande viwili ya aina ya Precision husoma kilo-omu 10 au 11 hivi, na ikiwa kipimo hakionyeshi chochote, waya umekatika ndani. Nunua vyote kabla ya kukata mbao, kwa sababu kila tundu na kila mfereji utapimwa kutoka kwenye kifaa kilicho mkononi. Michoro ya kwenye mtandao haitoshi.

Mbao

Kwa shingo, chaguo langu ni mninga. Mbao hii, inayoletwa Mwanza kutoka misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, ina sifa inayopita uzuri wa rangi yake: ikishakauka hutulia, haitanuki wala kunywea sana hewa inapobadilika, na karibu na ziwa hewa hubadilika sana kati ya kiangazi cha Julai na masika ya Machi hadi Mei. Mkaratusi uuache kabisa, maana hupinda na kupasuka hata ukiwa umelazwa chini. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali na udai risiti, kwa kuwa mninga umevunwa kupita kiasi na mbao zisizo na nyaraka huweza kukamatwa.

Chagua ubao ambao nyuzi zake (mistari ya mbao yenyewe) zimenyooka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Utazame ubavuni pia, kwa sababu ubao unaopendeza kwa juu huweza kuwa na nyuzi zinazokimbilia nje upande wa pili, na shingo ya namna hiyo huvunjika kichwani siku gitaa linapoanguka. Muuzaji atakuambia kwamba mbao zake ni kavu; wauzaji wote husema hivyo. Kata kipande, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiandike uzito kwa penseli, kisha kiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa na ukipime tena kila wiki. Uzito ukiendelea kupungua, ubao bado una maji, na subira ndiyo dawa pekee. Ukitulia kwa wiki tatu au nne mfululizo, ubao uko tayari.

Kwa ubao wa vidole, tafuta mpingo. Wachongaji wa vinyago huwa na vipande vilivyobaki, na unachohitaji ni kipande cha milimita 650 kwa 70 chenye unene wa milimita 6 baada ya kupigwa randa. Mpingo halisi huzama ukitiwa kwenye ndoo ya maji, jambo ambalo mbao iliyopakwa rangi nyeusi kwa kawaida haiwezi kulifanya. Ni mgumu kiasi cha kula makali ya patasi, na vumbi lake huwasha macho na kifua, kwa hiyo vaa barakoa hata ukiwa unafanyia kazi nje.

Kwa mwili, wengi hutafuta mbao ghali kwa imani kwamba ndizo zinazotoa sauti. Kwa maoni yangu, katika besi ya umeme mbao ya mwili huamua uzito zaidi kuliko sauti. Mwili wa mninga utafika kilo tatu na ushee, na wa msindano utakuwa na kilo mbili na nusu au pungufu. Mpigaji anayesimama kwenye mkesha kutoka saa tatu usiku hadi alfajiri atakushukuru kwa tofauti hiyo. Msindano usio na mafundo mengi unatosha kabisa, na fedha iliyobaki iende kwenye shingo.

Shingo

Andaa mche wa urefu wa milimita 850, upana wa 75 na unene wa 19. Badala ya kutumia kipande kimoja, pasua mbao vipande vitatu kwa urefu, geuza kipande cha kati ili kielekee upande wa pili, kisha vigandishe pamoja kwa gundi ya mbao, ili mvutano wa kipande kimoja uzuiwe na mwenzake. Klempu sita ni chache na kumi ni nzuri. Wasio nazo hufunga kwa mipira ya tairi la baiskeli iliyokatwa vipande virefu, ambayo hubana vizuri kuliko watu wanavyodhani. Acha usiku mzima.

Piga randa uso wa juu hadi rula ya chuma ikilazwa juu yake isipitishe mwanga popote. Chora mstari wa katikati kutoka mwisho hadi mwisho na usiufute hadi siku ya mwisho, kwa kuwa kila kipimo kitatoka hapo. Kisha chimba mfereji wa nondo wakati huu, mche ukiwa bado na kingo zilizonyooka na kulingana, maana ukishachonga umbo la shingo hutakuwa tena na ukingo wa kuegemezea mashine. Nondo nyingi zinazorekebishwa pande zote mbili huhitaji mfereji wa upana wa milimita 6 na kina cha 9, lakini pima yako. Mwenye mashine ya ruta atamaliza kwa dakika chache, na karakana nyingi za samani hukubali kukufanyia kazi hiyo kwa malipo madogo ukiwapelekea mche uliochorwa tayari. Nondo iingie kwa kubana kidogo bila kugongwa kwa nyundo. Ikicheza ndani ya mfereji, itanguruma kila unapopiga uzi wa A. Nati ya kurekebishia ielekee kichwani, mahali ambapo ufunguo utafika bila kuifungua shingo.

Punguza uso wa kichwa kwa milimita 5 ili kibaki na unene wa milimita 14, na ugandishe vipande viwili pembeni kukipa upana wa kubeba mashine mbili kila upande.

Sasa ubao wa vidole. Ukiwa bado na kingo zilizonyooka, weka alama za freti. Kosa la kawaida ni kupima kutoka freti moja hadi nyingine, kwa kuwa kila kosa dogo huongezwa kwenye linalofuata. Funga rula ndefu ya chuma mahali pamoja, sifuri ikiwa kwenye ukingo wa kizingiti, na uweke alama zote ishirini bila kuisogeza. Kwa urefu wa uzi wa milimita 864, umbali wa kila freti kutoka kwenye kizingiti ni huu, kuanzia ya kwanza: 48.5, 94.3, 137.5, 178.2, 216.7, 253.1, 287.3, 319.7, 350.3, 379.1, 406.3, 432.0, 456.2, 479.1, 500.7, 521.1, 540.4, 558.5, 575.7 na 591.9. Anayetaka urefu mwingine agawanye urefu wa uzi kwa 17.817 apate freti ya kwanza, atoe, kisha agawanye kilichobaki kwa namba hiyo hiyo, na kuendelea. Freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili ya urefu. Ikikosa, hesabu imekosewa mahali fulani.

Weka alama kwa ncha ya kisu, kwa sababu mstari wa penseli peke yake una unene unaotosha kupoteza usahihi. Tumia bevu ya pembe mraba kupitisha mstari hadi ukingo wa pili, kisha kata kwa msumeno mwembamba. Upana wa mkato ulingane na mguu wa waya wa freti, ambao kwa kawaida huwa pungufu kidogo ya milimita 0.6. Msumeno wa chuma wa kawaida hukata pana mno, lakini ukisaga kidogo meno yake pande zote mbili kwenye jiwe la kunolea huwa mwembamba wa kufaa. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki: freti inapaswa kuingia kwa kugongwa, na isichomoke kwa kucha.

Baada ya mikato, punguza kingo ili ubao uwe na upana wa milimita 42 kwenye kizingiti na 62 kwenye mwisho wake, milimita 12 hivi baada ya freti ya mwisho. Acha uso wake ukiwa bapa. Besi nyingi za dukani zina mviringo kidogo, lakini mviringo huo huhitaji kifaa maalumu cha kusugulia, na mkono huzoea ubao bapa bila shida.

Mpingo una mafuta yanayokataa gundi. Futa upande wa chini kwa kitambaa chenye asetoni muda mfupi kabla ya kugandisha, kisha tumia epoksi ya mirija miwili. Funika nondo kwa utepe mwembamba wa plastiki ili gundi isiingie kwenye mfereji, na upige misumari miwili midogo kupitia mikato ya freti ili ubao usiteleze unapobanwa. Misumari itang'olewa baadaye na matundu yake yatafichwa na freti.

Kuchonga mgongo wa shingo ndiyo sehemu yenye raha kuliko zote. Fanya kazi kwa tupa ya mbao, ukianza kwa kuchonga sehemu mbili fupi tu, moja kwenye freti ya kwanza hadi unene wa jumla uwe milimita 21, nyingine kwenye freti ya 12 hadi uwe 23. Kisha unganisha sehemu hizo mbili kwa kunyoosha katikati. Kumbuka kwamba chini ya mfereji wa nondo zinabaki milimita 6 tu za mbao kwenye freti ya kwanza, kwa hiyo usivutwe na tamaa ya shingo nyembamba. Simama mara kwa mara, fumba macho, pitisha kiganja kutoka kichwani hadi kwenye kisigino cha shingo. Mkono utagundua kinundu ambacho jicho limekipita.

Freti zigongwe kwa nyundo ya plastiki au ya mbao, ncha zote mbili kwanza na katikati mwisho, na tone la supa gluu kila mwisho wa mkato. Zikishaingia zote, paka vichwa vyake kwa kalamu ya wino mzito, kisha pitisha msasa laini uliobandikwa kwenye kipande cha kioo kinene kilichonyooka. Penye wino uliobaki ndipo palipo chini. Endelea hadi wino utoke juu ya kila freti, kisha rudisha mviringo wa kila moja kwa tupa ndogo na uzing'arishe.

Mwili na kuunganisha

Gandisha mbao mbili kupata ubao wa milimita 500 kwa 340 wenye unene wa 44, chora umbo unalolipenda, kata na uviringe kingo. Umbo ni hiari yako isipokuwa jambo moja: pembe ya juu ifike usawa wa freti ya 12 au karibu yake, ili mkanda ushike gitaa mahali ambapo kichwa hakitaangukia chini.

Chimba kitanda cha shingo kwa kina cha milimita 16, kikibana kiasi kwamba shingo ikae bila skrubu hata ukiliinua gitaa. Kabla ya kutoboa tundu lolote la daraja, nenda Kirumba, kwa wauza zana za uvuvi, ununue mita chache za nailoni nyembamba ya kuvulia. Weka shingo kitandani, shikiza daraja mahali pake kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kisha vuta nyuzi mbili za nailoni kutoka mahali pa uzi wa E na pa uzi wa G kwenye kizingiti hadi kwenye vikalio vya daraja, ambavyo viwili hivyo vya pembeni kwa kawaida vimeachana kwa milimita 57. Tazama kutoka juu. Nafasi kati ya nailoni na ukingo wa ubao wa vidole iwe sawa pande zote mbili, kuanzia kizingiti hadi freti ya 20. Upande mmoja ukiwa mwembamba, sogeza daraja au sugua kidogo ukuta wa kitanda. Nusu saa ya kutazama nailoni hukuepusha na gitaa ambalo uzi wake wa G unachomoka ubaoni kila unapobonyezwa.

Daraja liwekwe hivi: kikalio cha uzi wa G, kikiwa kimesogezwa mbele karibu na mwisho wake, kiwe milimita 864 kutoka kwenye kizingiti. Uzi mnene huhitaji urefu wa ziada wa milimita 3 hadi 5, kwa hiyo nafasi ya kurudi nyuma ndiyo unayoihitaji. Funga shingo kwa skrubu nne zenye bamba la chuma, baada ya kutoboa matundu ya kuzitangulia; skrubu iliyolazimishwa kwenye mninga mkavu hukatika shingo ikiwa haijakaza.

Umeme

Pikapu ya vipande viwili iwekwe katikati yake ikiwa milimita 140 hivi kutoka kwenye vikalio, nusu ya nyuzi za E na A ikiwa upande wa shingo. Waya wa moto wa pikapu huingia mguu wa kwanza wa potenshomita ya sauti ya kilo-omu 250, mguu wa kati hupeleka mawimbi kwenye ncha ya jeki ya milimita 6.35, na mguu wa tatu hukunjwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa potenshomita, ambao ndio ardhi ya mzunguko wote. Kutoka mguu ule ule wa kwanza, waya mwingine huenda mguu wa kati wa potenshomita ya toni, na kapasita ya mikrofaradi 0.047 huunganishwa kati ya mguu wake wa pembeni na ardhi. Ikiwa sauti inapungua unapozungusha kulia, badilishana miguu ya pembeni.

Usisahau waya wa ardhi unaopita chini ya daraja. Bila huo, gitaa litavuma hata ukigusa nyuzi, na tatizo huongezeka kwenye kumbi ambazo taa, feni na spika zote zimechomekwa kwenye soketi moja. Fundi redio atakulehemia mzunguko huu wote kwa muda mfupi ikiwa mkono wako haujazoea.

Rangi

Paka vanishi au mafuta ya mbao upendavyo, ila usipulizie vanishi siku ya mvua, maana unyevu huingia kwenye rangi inayokauka na kuacha ukungu mweupe. Mpingo wa ubao wa vidole haupakwi vanishi. Mafuta kidogo yanatosha.

Kukaza na kurekebisha

Kizingiti kichongwe kutoka mfupa wa paja la ng'ombe uliochemshwa, kukaushwa na kusuguliwa hadi uwe bapa. Mikato ya nje ikae milimita 3.5 kutoka ukingoni, na kina chake kipunguzwe polepole kwa tupa nyembamba, kwa sababu mfupa uliozidi kuchimbwa hauna dawa isipokuwa kuanza mwingine.

Funga nyuzi, zikaze hadi sauti zake kwa msaada wa programu ya simu, na uache gitaa lilale usiku mmoja likiwa limekazwa. Asubuhi, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 8. Milimita 0.3 ni nzuri. Ikizidi, kaza nondo kwa robo mzunguko, usubiri, upime tena. Usizungushe zaidi ya hapo kwa mara moja. Kisha rekebisha vikalio hadi uzi wa E uwe milimita 2.5 juu ya freti ya 12 na wa G uwe 2. Mwisho, linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu juu ya freti ya 12 na sauti yake ukibonyezwa hapo hapo: iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, ikiwa chini, kisogeze mbele.

Unapolichomeka kwa mara ya kwanza, usitumie spika ndogo ya gitaa la solo kwa sauti kubwa, kwa sababu uzi wa E utaipasua. Tumia ampu ya besi yenye spika ya inchi 10 au zaidi, au pitia kwenye miksa kwa kutumia kisanduku cha DI (kinacholinganisha mawimbi ya gitaa na miksa), na urudie kupima shingo kila vuli na masika yanapoanza.